Hatua Sitini na Nne

Jumatatu, 9 Juni

Jana, Jumapili tarehe 8 Juni, saa tatu na nusu asubuhi, nimempoteza mke wangu. Hajafa, wala hajakimbia na mtu. Scolastica ameondoka hapa Kaniha kurudi kwa baba yake Murukulazo kwa sababu ndani ya nyumba yangu hawezi kupumua. Amemchukua mtoto wetu Happyness na cherehani yake. Kwenye saruji ya sebuleni zimebaki alama nne za miguu ya cherehani, na leo nimezipita mara kumi bila kuzikanyaga.

Daftari hili ni lake, la kuandikia vipimo vya wateja. Alikuwa ametumia kurasa tatu tu. Akiwa ameshakaa kwenye gari, kifua kinapiga filimbi, alinikabidhi akasema, "Baba Happy, nakuuliza swali moja. Kwa nini kwa baba napumua, na hapa sipumui? Usinijibu kwa hasira. Wewe ni mtu wa namba, nijibu kwa namba. Mpaka hapo usinipigie simu."

Nilikuwa nimetoka kukandika tanuri la matofali, mikono yote udongo. Hata kumshika mkono sikuweza.

Acha niseme kinachoniuma. Nyumba ya baba mkwe ni ya udongo, bati limeota kutu. Yangu ina matofali 11,400, na kila moja nimelifyatua mimi. Nilitoka Mabawe na jembe na kibao kimoja cha kufyatulia, hakuna aliyenichangia hata msumari. Nina dari, nina madirisha ya vioo. Halafu mtu anapumua kule, huku anakosa hewa! Pumu anayo tangu msichana, najua, lakini kule haimsumbui.

Mwenye kosa namjua. Juzi Jumamosi jirani yangu Shibuda alichoma nyasi za malisho. Walikuja hapa kutoka Shinyanga na ng'ombe wao na viberiti vyao. Moshi ulijaa mpaka kilimani.

Jumatano, 11 Juni

Tanuri la kwanza, nililoliwasha tarehe 3, limepoa. Matofali 14,000, yaliyopasuka 310. Nimekutana na Shibuda kisimani, akanisalimia kwa Kisukuma chake, "Mwangaluka!" Nikapita.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kumwona Daktari Priscila wa kituo cha afya. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi, lakini anaongea kama mwalimu mkuu.

"Bwana Gervas, andika," akasema. Nikaandika. "Kwanza, dawa yake ya kuvuta asiiache. Mashine yoyote utakayosikia, si dawa. Pili, tafuta moshi unatoka wapi, uuondoe. Tatu, kama bado kuna moshi usioweza kuuondoa, hapo ndipo utafute kisafisha hewa cha chumbani."

Mbele ya namba mbili nimeandika: Shibuda. Kisha nimepiga mstari chini ya namba tatu, mara mbili. Kumbe kuna mashine!

Nimemuuliza mtu mzima anavuta hewa kiasi gani. Akasema pumzi kama kumi na tano kwa dakika, kila moja nusu lita. Nimepiga hesabu njiani, nikasimama kuirudia kwa kijiti mchangani kwa sababu sikuamini. Lita 10,800 kwa siku. Ni ndoo mia tano na arobaini. Mimi nikiona unyoya wa kuku kwenye ndoo moja ya maji naimwaga, na mke wangu kila siku anakunywa ndoo mia tano na arobaini za kitu ambacho sijawahi hata kukitazama.

Nimefika nyumbani jua likiingia dirishani. Katika ule mstari wa mwanga vumbi lilikuwa likipanda na kushuka, maelfu kwa maelfu, polepole, kama ng'ombe wasio na haraka. Nimekaa kulitazama mpaka jua likahama. Miaka saba nimeishi na umati huo humu ndani.

Jumamosi, 21 Juni

Nimenunua mashine mjini Biharamulo. Ndogo kama redio, nyeupe, ina taa ya buluu. Muuzaji kasema inaua vijidudu, inakula moshi, haina cha kubadilisha wala kufua.

"Utajuaje kama inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Utanusa mwenyewe, mzee."

Na kweli! Baada ya nusu saa chumba kilinukia kama radi ilipopiga mgomba wa mama kule Mabawe: harufu kali, safi, inapanda mpaka kwenye paji la uso. Nimesimama katikati ya chumba kama mtu aliyeingia kanisani. Kwetu usafi unanusika. Mama alifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa kuni maalumu, na kibuyu kisichonukia kilirudishwa kioshwe upya. Hata Limi, mke wa Shibuda, hufukiza vyake vivyo hivyo kila asubuhi. Katika hilo Msukuma na Mhangaza kama mimi ni kitu kimoja. Nikajiambia, chumba changu sasa kimefukizwa kwa radi.

Jumanne, 24 Juni

Kichwa kinauma siku ya tatu. Macho yanawasha. Labda vijidudu vinapokufa hufanya hivyo.

Alhamisi, 26 Juni

Tanuri la pili limewashwa alfajiri. Matofali 16,000. Kuni zimekauka vizuri, moto umeshika midomo yote minne.

Nimemtumia salamu baba mkwe, Mzee Protasi, amlete Scolastica Jumamosi aone chumba.

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tano na dakika kumi wamefika. Mashine nilikuwa nimeiacha inawaka tangu asubuhi, mlango na madirisha yamefungwa ili harufu isipotee. Scolastica ameingia, akavuta pumzi, akatabasamu. Ametabasamu, nimemwona kwa macho yangu.

"Kunanukia mvua," akasema.

"Ni mashine," nikasema. Nilijisikia mrefu kuliko mlango.

Amekaa kitandani. Mzee Protasi amekaa kwenye kiti, kofia magotini, akitazama taa ya buluu. Saa tano na nusu Scolastica ameanza kukohoa. Saa tano na dakika arobaini amevuta dawa mara mbili. Saa sita kasorobo amevuta tena. Nimehesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi, kwa sababu ndicho kitu pekee ninachojua kufanya: thelathini na nane kwa dakika. Shingo ilikuwa inaingia ndani kila anapovuta. Midomo ikaanza kubadilika rangi, na mimi nikafanya nini? Nikaongeza mashine. Nikazungusha kitufe chake mpaka mwisho, nikamsogezea usoni!

Mzee Protasi akasimama. "Mkwe, umeniita nije kutazama mwanangu akifa?"

Akafungua dirisha kwa ngumi; komeo limevunjika. Lakini hewa iliyoingia nayo ilikuwa moshi mtupu. Akalifunga tena, akamnyanyua binti yake kama mzigo wa nyasi, yeye mwenye miaka sabini na moja, akatoka naye nje.

Shibuda ndiye aliyekuja mbio, akaita pikipiki. Scolastica amekwenda katikati, dereva mbele, baba yake nyuma akimshikilia. Nilibaki nimeshika kipande cha komeo.

Kituoni amewekewa hewa ya mtungi. Saa tisa alasiri pumzi zilikuwa ishirini na mbili. Hakuniangalia. Sikumshukuru Shibuda.

Jumapili, 29 Juni

Wamerudi Murukulazo. Mlango wa gari Scolastica aliufunga mwenyewe, taratibu. Afadhali angeubamiza.

Jumanne, 1 Julai

Nimempelekea Daktari Priscila ile mashine ndani ya mfuko. Ameiwasha mezani dakika mbili, akainusa, akaichomoa haraka na kufungua dirisha.

"Hii harufu inaitwa ozoni. Inatengenezwa na radi, na inatengenezwa na mashine za namna hii. Inachoma mapafu. Ya mzima inayawasha, ya mwenye pumu inayafunga. Na moshi haiuondoi."

"Lakini inanukia usafi, Daktari."

"Hewa safi hainuki, Bwana Gervas. Hewa safi haina habari yoyote."

Sijawahi kuambiwa jambo likanikalia hivi. Miaka arobaini na mitatu nimekuwa nikinusa ili nijue kama kitu ni safi.

Amenipa masharti, nayanakili. Isiwe inayotoa ozoni wala inayojisifu kurusha ayoni na umeme hewani. Iwe ya feni na kichujio kinene cha karatasi zilizokunjwa, wanachokiita hepa, kikae kimebana pasiwe na upenyo pembeni. Iwe na namba ya hewa inayosafisha kwa saa, na namba hiyo itoshe chumba changu: hewa yote ipite kwenye kichujio angalau mara tano kwa saa. Kichujio kipya kipatikane. Isiyo na namba nisinunue, hata muuzaji aape.

Mwishoni akaniuliza, "Na ile namba mbili? Ulitafuta moshi unatoka wapi?"

"Nimetafuta. Jirani anachoma nyasi."

"Alichoma lini?"

"Tarehe saba Juni."

"Jumamosi ilikuwa ishirini na nane," akasema, akanitazama kidogo, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Jumapili, 6 Julai

Chumba: mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8. Ujazo 39.2. Mara tano ni mita za ujazo 196 kwa saa. Nimepiga simu Mwanza kwa wauzaji sita. Watano wamenijibu habari za rangi na rimoti. Wa sita kasema, "Hii ni 260 kwa saa, kelele yake ni hii, umeme wati 45, kichujio kipya ninacho." Huyo ndiye mtu. Nimeagiza pamoja na kipimo cha chembe za moshi hewani. Sinunui tena kwa pua.

Jumatatu, 14 Julai

Upepo wa mashariki, kama kawaida ya kiangazi. Tofali mbichi zinakauka kwa siku sita badala ya tisa. Tanuri la pili halijaiva chini, bado nalichochea kidogokidogo. Mzigo haujafika.

Jumapili, 20 Julai

Umefika jana na basi. Leo baada ya ibada nimeufungua.

Kwanza kipimo. Ni kidogo, kinakaa kiganjani, kina uso wa kioo wenye namba. Daktari aliniambia ikiwa chini ya kumi na tano kwa siku nzima nishukuru. Nimekiwasha sebuleni: 187. Palikuwa shwari, sikuona moshi wowote mle ndani, jirani aliyekaanga vitumbua alikuwa mbali kabisa. Ningeapa kwamba hewa ni safi.

Nikaziba nyufa za dirisha kwa vitambaa vya Scolastica vilivyobaki, nikafunga mlango, nikawasha mashine chumbani. Iliguna, kisha ikaanza kupuliza. Hainuki chochote. Shibuda alikuwa amekuja kuchungulia, amevua kandambili mlangoni kama anaingia kwa mganga, nami nilishindwa kumfukuza kwa sababu nilihitaji shahidi.

187. Dakika kumi, 104. Dakika ishirini, 55.

"Inazipeleka wapi?" Shibuda akanong'ona.

"Zinabaki kwenye karatasi."

"Zote?"

Dakika thelathini, 29. Dakika arobaini, 18. Dakika hamsini, 14. Tulikuwa watu wazima wawili tumepiga magoti mbele ya namba. Nikavuta pumzi. Hapakuwa na harufu, hapakuwa na radi, hapakuwa na habari yoyote, kama alivyosema Daktari. Nimejenga nyumba tisa katika maisha yangu na sijawahi kuogopa kitu kwa furaha namna hii. Tulikuwa tumekaa ndani ya kitu ambacho hakionekani, kilichokuwa kichafu sasa ni kisafi, na macho yetu hayakuweza kutofautisha.

"Kama Mungu ana chumba cha kulala," akasema Shibuda, "ndivyo kilivyo."

Jumanne, 22 Julai

Mlango ukifunguliwa, 14 inakuwa 60 kabla sijafika kisimani. Kwa hiyo naufunga mchana. Hapa anayefunga mlango mchana ama ana msiba ama anakula nyama peke yake. Limi amepita barabarani akasema kwa sauti, ili nisikie, "Bwana Matofali siku hizi anawasha taa mchana ili ale!" Wanawake wawili wakacheka. Mimi nilikuwa nakula maharage.

Alipokuja baadaye kurudisha ungo nilimfungulia, nikamwonyesha kichujio kilivyoanza kuwa kijivu.

"Niletee nikufulie," akasema. "Sabuni ninayo."

"Karatasi haifuliwi, mama. Inatupwa, inawekwa nyingine."

"Hee! Mtu unanunua uchafu ili uutupe."

Jumamosi, 26 Julai

Murukulazo, na kipimo mfukoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Leo umeleta radi nyingine?"

"Nimeleta kipimo tu, baba."

"Pima basi, bwana afya. Nyumba yangu haijawahi kuvaa suti, lakini haijawahi kuua mtu."

Uani, 11. Chumba anacholala Scolastica, 13, madirisha wazi, mlango wazi, migomba pande zote. Jikoni kwao, 240, lakini jiko liko chini ya mteremko, hatua hamsini na tano, na moshi unakwenda bondeni. Nimekwenda mara tatu kuhakikisha. Nyumba ya udongo, hakuna mashine, na 13.

Scolastica alikuwa anashona sare za shule kibarazani. Amenenepa kidogo shavuni. Nimemwonyesha kipimo, akakishika muda mrefu.

"Na kwetu ni ngapi?" akauliza. Amesema kwetu.

"Na mashine, kumi na nne."

"Na bila mashine?"

Nimetazama cherehani yake. Akasema, "Hilo ndilo nililokuuliza."

Ijumaa, 1 Agosti

Nimempelekea Shibuda kipimo usoni. Nimemwambia mbele ya mkewe kwamba moshi wake ndio ulionivunjia nyumba.

"Bwana," akasema, "mimi nilichoma mara moja. Mchana mmoja. Sijawasha tena."

"Moshi unakaa."

"Unakaa miezi miwili?" Akacheka, lakini si cheko la kufurahi. Limi alikuwa akimimina maziwa, hakunikaribisha.

Jumatano, 6 Agosti

Tanuri la tatu limewashwa alfajiri. Matofali 15,500.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeacha mashine kwenye kasi ya mwisho tangu jana. Namba haishuki chini ya 90. Nimebadilisha kichujio, nimeziba upya kila ufa. 96. Nadhani kipimo kimeharibika.

Jumamosi, 9 Agosti

Kipimo hakijaharibika.

Saa kumi alasiri nimekiweka nje kwenye kizingiti cha dirisha la chumbani: 640. Nikasema leo nitamfuata mwenye kosa hatua kwa hatua, niandike namba zote, nimpelekee mwenyekiti wa kijiji. Nikaanza kutembea kuelekea kwa Shibuda, kaskazini. Hatua kumi, 510. Hatua thelathini, 220. Kwenye zizi lake, 31. Ng'ombe wakanitazama.

Nikarudi dirishani. Nikaelekea magharibi, bondeni: ikashuka polepole, lakini ikashuka. Kusini, ikashuka. Ukabaki upande mmoja.

Mashariki hatua kumi, 690. Hatua ishirini, 760. Hatua arobaini, 910. Hatua hamsini na tano, 999, na hapo kipimo kikaishiwa namba. Niliendelea kutembea na 999 mkononi. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi. Hatua sitini na nne nikafika. Joto likanisukuma kifuani. Midomo minne, myekundu, ninayoipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza.

Nililijenga pale karibu ili kuni zisiibiwe. Nililiweka mashariki kwa sababu ardhi ya mashariki ni tambarare. Upepo wa kiangazi hutoka mashariki. Vitu vitatu ninavijua tangu ujana na sijawahi kuviweka kwenye mstari mmoja.

Nimerudi ndani nikafungua daftari hili. Tanuri la kwanza niliwasha tarehe 3 Juni. Tarehe 8 ameondoka, nami mikono ina udongo wa kulikandika. La pili tarehe 26. Tarehe 28 karibu afe, na baba yake alipofungua dirisha ulioingia ulikuwa moshi wangu. La tatu Jumatano. Kila kitu nimekiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na idadi ya matofali pembeni. Shibuda nimemwandika kila ukurasa. Nilikuwa nalalamika na kujibu, kwenye daftari lilelile.

Halafu ninaona ajabu moja, nayo inanitisha kuliko moto. Kila tofali la nyumba hii lilimpita mke wangu kifuani kwanza. Miaka saba. Aliivuta nyumba yote ndani, moshi kwa moshi, na hakuniambia ila kwa swali moja.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Moto umezimika.

Jumatano, 13 Agosti

Kipimo dirishani, tanuri likiwa limezimwa siku ya nne: 22. Bila mashine.

Jumatatu, 18 Agosti

Zimebaki tofali mbichi 18,000, zimepangwa tayari kwa tanuri la nne. Mvua za Septemba zikizikuta zitarudi kuwa tope. Kuwasha pale siwashi tena. Bondeni magharibi, hatua 2,100 kutoka dirishani, nina kipande cha ardhi karibu na udongo wenyewe. Upepo ukitoka mashariki, moshi wa kule unakwenda porini. Lakini nani ahamishe tofali mbichi 18,000? Mkokoteni mmoja unabeba 200. Safari tisini.

Mwenye ng'ombe wa kukokota hapa ni mmoja.

Nimekwenda asubuhi. Nimesema "Mwangaluka" mimi wa kwanza.

"Umekuja kunipima tena?" Shibuda akauliza.

"Nimekuja kukuomba radhi. Moshi ni wangu."

Limi akaacha kufukiza kibuyu. "Rudia, sijasikia vizuri."

"Moshi ni wangu, mama."

"Tangu Juni unatupita kama miti!"

"Limi, mwache," akasema Shibuda. Akanivutia kigoda. "Mimi nilijua."

"Ulijua? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Ulikuwa umefunga mlango."

Limi akanipa maziwa. Yalinukia moshi wa kibuyu, matamu, nikayanywa yote. Tumekubaliana atachukua matofali 2,000 yakishaiva, ajenge ghala, na tumeanza kubeba leoleo.

Alhamisi, 28 Agosti

Tumemaliza. Mikokoteni miwili, siku kumi, safari tisa kila siku, Jumapili tumepumzika. Zilizovunjika 142. Shibuda anaimbia ng'ombe wake kwa majina, na mimi sasa nayajua yote manne.

Jumanne, 2 Septemba

Mawingu ya kwanza upande wa Rusumo. Nimefungua mashine kusafisha mfuniko. Kile kichujio nilichokiweka tarehe 8 Agosti ni cheusi kama chini ya sufuria. Kile ni tanuri moja tu, sehemu ndogo iliyopenya. Nimekitandaza mezani, nikawaita Shibuda na Limi. Tumesimama kukitazama kama watu wanaotazama maiti wasiyoifahamu. Limi amekigusa, akaangalia kidole chake.

"Hiki kingekuwa ndani yake," akasema.

"Miaka saba ya hiki," nikasema.

Hakurudia habari ya sabuni.

Jumatano, 3 Septemba

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Ngara, itakuwa mikononi mwa Mzee Protasi kesho asubuhi. Nakala yake naiacha humu.

Mama Happy,

Uliniuliza kwa nini kwa baba unapumua na hapa hupumui. Jibu ni 64. Ndizo hatua kutoka dirishani kwako mpaka kwenye tanuri langu, upande unakotoka upepo. Si Shibuda, si pumu yako peke yake, si nyumba. Ni mimi. Nililiwasha mara tatu mwaka huu, na namba zote ziko kwenye daftari lako. Nitakupa ulisome, pamoja na sehemu ambamo sipendezi.

Tanuri la pale nimelibomoa. Jipya liko bondeni magharibi, hatua 2,100. Leo dirishani bila mashine ni 19. Chumbani na mashine ni 6. Mashine hii haitoi harufu, nimeipeleka kwa Daktari Priscila ameikagua, na ametaka uendelee na dawa yako vilevile. Umeme ukikatika ina betri ya saa tano. Komeo alilovunja baba nimeliweka jipya, ila linafunguka kwa kidole kimoja, kutoka ndani.

Sasa nami nina swali moja. Jumamosi tarehe 6, saa nne asubuhi, nawasha tanuri la bondeni, kwa sababu mvua inakuja na haiwezi kungoja. Je, utakuja ukae chumbani, mlango umefungwa, kipimo mkononi mwako, wakati nawasha? Kikipita 15, utatoka, na mbele yako nitamwaga maji kwenye midomo yote minne. Sitabishana na namba.

Usinijibu "tutaona." Usimtume baba anijibu kwa mafumbo. Usinijibu kwa huruma, maana sikustahili, wala kwa hasira, ingawa hiyo nastahili. Ulinitaka nikujibu moja kwa moja, nimekujibu. Nataka jibu la namna hiyohiyo: ndiyo, au hapana. Piga simu Ijumaa, saa sita kamili mchana. Nitakuwa ndani, mlango umefungwa, simu iko juu ya mashine.

Ndiyo au hapana, Scolastica. Ijumaa. Saa sita.